Mkifunga, Bandikeni Karatasi Mlangoni

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania,
Dar es Salaam.

YAH: KUZUIWA KWA MITANDAO YENYE PICHA ZA NGONO

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mama wa watoto wawili. Kabla sijaitwa mama niliitwa dada wa kafe, maana nilikuwa na kafe ya intaneti kando ya stendi ya mabasi katika mji mmoja wa mkoani: chumba kimoja, kompyuta nane, feni moja, tangu mwaka 2006 hadi 2014 simu janja ziliponimalizia wateja. Nakuandikia nikiwa na hayo mawili. Nina watoto ambao sitaki waone uchafu, na nina miaka minane ya kujaribu kuuzuia uchafu huo kwa mikono yangu mwenyewe.

Niseme mapema ili nieleweke. Sitetei picha za ngono. Pale kafe niliwaona vijana walioanza kuzitazama kama mchezo wakaishia kushindwa kuinuka kwenye kiti, saa mbili, saa tatu, hadi nauli ya kurudia nyumbani ikaishia mezani kwangu, na hela ile niliipokea. Mpaka leo inanikaa moyoni. Kwa hiyo mnaposema kuna vitu ambavyo mtoto hapaswi kukutana navyo, mimi niko upande wenu kabisa. Ninachokuja kulalamikia ni namna mnavyofunga. Mnafunga kimyakimya.

Agosti 2024 mwanangu wa kwanza alikuwa darasa la sita. Jioni moja alikuja jikoni, akasimama mlangoni akichezea kitasa. Nikamuuliza kulikoni. Akaniuliza, “Mama, yule dada analia. Mbona hawamwachi?” Sikumwelewa mpaka aliponipa simu. Ilikuwa ile video ambayo nchi nzima iliijua wiki ile, ya binti aliyebakwa na kundi la wanaume, na wao wenyewe wakamrekodi. Mwanangu aliikuta kwenye grupu la tuisheni, katikati ya picha ya zoezi la hisabati na tangazo la ada. Nilizima simu nikamkumbatia, na maneno ya kumwambia sikuwa nayo.

Watuhumiwa walikamatwa, na mwishoni mwa Septemba mahakama mjini Dodoma iliwahukumu wanaume wanne kifungo cha maisha. Hapo dola ilifanya kazi yake mchana kweupe, kwa majina, kwa mashtaka, kwa hukumu iliyosomwa. Lakini video yenyewe haikuzuiwa na ukuta wowote, na wewe unajua sababu kuliko mimi. Ujumbe wa WhatsApp hufungwa kwenye simu ya anayetuma na kufunguliwa kwenye simu ya anayepokea. Mitambo ya kampuni ya simu iliyo katikati haioni kilichomo. Ndiyo njia wanayopita pia wauzaji wa konekisheni, hizo video za faragha za watu zinazovujishwa na kuuzwa kwa mafungu kwenye magrupu. Utafiti wa UNICEF, ECPAT na INTERPOL uliotolewa mwaka 2022 ulikadiria kwamba watoto wapatao 200,000 wa miaka 12 hadi 17 nchini kwetu walifanyiwa ukatili wa kingono kwa njia ya mtandao ndani ya mwaka mmoja, na mara nyingi anayewatendea ni mtu wanayemfahamu. Mjomba. Jirani. Kaka wa rafiki. Huyo hana tovuti mnayoweza kuifunga.

Sasa nikurudishe stendi.

Mwanzoni nilikuwa nimegawa chumba changu kwa plaiwudi, kila kompyuta na kajichumba kake, kwa sababu kafe zote zilikuwa hivyo na wateja walipenda. Mama mmoja alipokuja kunilalamikia kuhusu mwanawe nilimwita fundi, akaniwekea programu ya kuchuja. Ilikuja na orodha ya maneno yaliyokatazwa, na orodha yenyewe ilikuwa imefungwa nisiweze kuisoma. Fundi akaniambia nisiwe na wasiwasi, wazungu wameshaitengeneza vizuri.

Wiki ile ile akaja binti aliyemaliza kidato cha sita, anatafuta ufadhili wa kusoma Uingereza. Ukurasa wa Chuo Kikuu cha Sussex ukakataa kufunguka. Akajaribu Essex, ikawa vile vile. Tulihangaika saa nzima tukidhani ni mtandao, mpaka nilipoona kwamba ndani ya majina yale mna herufi tatu za Kiingereza ambazo programu ilikuwa imefundishwa kuziogopa. Fomu yoyote iliyouliza jinsi ya mwombaji, kwa neno lile lile la Kiingereza, ilikwama. Muuguzi aliyetaka mchoro wa kuwafundishia akina mama kujikagua matiti alikwama. Niliwarudishia wote hela zao, na sikuwa na maelezo ya kuwapa, kwa kuwa hata mimi mwenye duka sikujua kilichoandikwa kwenye orodha yangu.

Wale vijana wa kona ya nyuma waligundua ndani ya siku tatu kwamba programu haijui Kiswahili. Waliandika matusi ya kwao, matusi ya mtaani, na kila kitu kikapita. Wakati ule mikanda ya ngono iliitwa pilau. Kijana akiandika pilau, programu inaona wali. Nilimwomba fundi aliongeze neno hilo. Kesho yake kijana wa chuo cha hoteli aliyefuata mapishi akatoka mikono mitupu, na wale wa nyuma wakawa wameshabuni neno jingine. Lugha yetu inazaa majina ya siri kila wiki. Hakuna orodha iliyoandikwa ng’ambo itakayoifikia, na sidhani kama itakayoandikwa Dar es Salaam itaweza.

Mwisho nilimwita seremala. Aling’oa plaiwudi zote, akazigeuza meza ili kila skrini itazame njia ya katikati, nami nikakaa mwisho wa njia hiyo. Ilinigharimu siku moja ya kazi na wateja kadhaa ambao hawakurudi tena. Uchafu ukaisha. Binti wa Sussex alirudi, akajaza fomu zake. Miaka kadhaa baadaye nilisoma Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018, zilizowataka wenye kafe waweke mfumo wa kuchuja yaliyokatazwa na wafunge kamera, nikamkumbuka yule seremala.

Najua meza hazigeuziki tena. Simu janja ni kile kijichumba cha plaiwudi ambacho mtoto sasa anatembea nacho na kuingia nacho chini ya shuka. Kwa takwimu zenu wenyewe, laini zinazotumia intaneti nchini zimepita milioni 40. Siwezi kukaa mwisho wa njia ya kila moja, na wala ninyi hamwezi. Kwa hiyo sikuombi muondoe mikono yenu. Nakuomba jambo jingine, na ili nilieleze vizuri inabidi nikusimulie siku nyingine moja ya pale kafe.

Mwaka 2011 nilichelewa kulipia leseni ya biashara. Nilifika asubuhi nikakuta mlango umepigwa kufuli jipya na karatasi imebandikwa. Ilikuwa na jina la ofisi, tarehe, sheria ndogo niliyoivunja, kiasi ninachodaiwa, cheo na saini ya aliyefunga, na namba ya chumba cha kupeleka malalamiko. Nilikasirika sana siku ile. Lakini nilijua nimekosa nini na nimfuate nani. Wateja wangu walioisoma walijua sijafa wala sijahama. Siku ya tatu nilikuwa nimefungua. Nyumba iliyomo kwenye hifadhi ya barabara nayo huwekwa alama ya X nyekundu kabla tingatinga halijafika, na mwenye nyumba, hata akilia, anajua alama ile ni ya nani na mlango wa kubisha ni upi.

Ninyi mkifunga, hakuna karatasi. Mtu anabonyeza, kiduara kinazunguka. Anadhani bando limekwisha, anaongeza. Anazima simu na kuiwasha. Anapiga huduma kwa wateja, anajibiwa na binti mpole ambaye naye hajui. Kwa kuwa njia rahisi ya kufunga ni kuivuruga ile orodha inayogeuza jina la mtandao kuwa namba, simu huuliza jina na kujibiwa kana kwamba jina hilo halijawahi kuwepo duniani. Mkiifunga namba yenyewe ni zaidi, maana tovuti nyingi hukaa kwenye namba moja kama wapangaji wa nyumba moja, na mkimfungia mmoja mmewafungia wote. Mwenye duka la vitenge aliyefungiwa kwa sababu ya mpangaji mwenzake, atajuaje? Atalalamika wapi?

Mei 2025 akaunti ya Jeshi la Polisi kwenye mtandao wa X ilidukuliwa, ikawekewa uongo na picha chafu. Muda si mrefu mtandao wenyewe ukaacha kufunguka kwenye laini zetu. Sikuona tangazo lolote lenye saini. Mwezi uliofuata ndipo Waziri mwenye dhamana alipoeleza hadharani kwamba X inaruhusu picha za ngono, kinyume cha sheria na maadili yetu. Ni kweli inaruhusu: mwaka 2024 X ilibadili kanuni zake na kuzikubali rasmi picha za watu wazima walioridhia. Kama hiyo ndiyo sababu, ni sababu inayoandikika. Tungeambiwa ni kanuni ipi iliyovunjwa, wenye X waliandikiwa lini, walijibu nini, na wafanye nini ili wafunguliwe. Mimi ningeisoma, na pengine ningekubaliana nanyi.

Kwa kuwa haikuandikwa, kila mtu alijiandikia yake. Watu walikumbuka Oktoba 2020, siku za uchaguzi mkuu, Twitter, ndiyo X ya leo, na WhatsApp zilipokuwa hazifunguki bila VPN, zile programu za kuvuka palipofungwa, na pale hakuna aliyetaja ngono. Kisha ikaja Oktoba 2025, intaneti ikazimwa nchi nzima kuanzia siku ya kupiga kura, ikakaa hivyo kwa siku kadhaa, na waliokuwa na mashaka wakasema yametimia. Nilikaa na majirani zangu siku zile. Nilitaka kuwaambia kwamba suala la X lilikuwa la watoto, kwamba mimi mwenyewe nina mtoto aliyeona asichopaswa kuona. Hakuna aliyenisikiliza, na sikuwa na karatasi ya kuwaonyesha.

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, Ndugu Mkurugenzi Mkuu. Ulinzi wa watoto ni hoja yenye uzito mkubwa katika nchi hii. Shehe anaikubali, padri anaikubali, bibi kijijini anaikubali. Mkiitumia bila ushahidi ikachakaa, siku mtakapokuwa na jambo la kweli la mtoto wa kweli, watu watainua mabega. Sisi wazazi ndio tutakaobaki na hasara hiyo.

Kuna hasara nyingine niliyoiona kwa macho. Mtoto wa jirani yangu, wa kidato cha pili, alitaka kufuatilia habari za timu yake kule X. Kaka yake akamwonyesha VPN ya bure. Dakika tano. Sasa simu yake inavuka kila kitu mlichowahi kufunga, ikiwemo ile mitandao ya ngono ambayo kabla ya hapo hakuwa na njia ya kuifikia, na kila anachofanya kinapita kwenye mitambo ya kampuni isiyojulikana iko nchi gani wala inafanya nini na taarifa zake. Mlitoa tangazo Oktoba 2023 mkitaka wanaotumia VPN wajisajili kabla ya mwisho wa mwezi ule. Sidhani kama mtoto yule aliliona. Uingereza nako, sheria ya kuthibitisha umri ilipoanza kutumika kwenye tovuti za ngono tarehe 25 Julai 2025, programu za VPN zilipanda kileleni mwa zinazopakuliwa ndani ya siku chache. Mnapofunga mtandao mkubwa ambao watu wazima wanauhitaji kwa kazi na habari, mnaigeuza VPN kuwa kitu cha kawaida sebuleni, na kikishakuwa cha kawaida sebuleni hakiishii mikononi mwa watu wazima.

Sikuombi kitu kigeni. Mnacho tayari. Redio ikirusha matusi saa ambayo watoto wako macho, Kamati yenu ya Maudhui huiita. Inasomewa kosa, inajitetea, uamuzi unaandikwa na kusomwa mbele ya waandishi wa habari, na jina la kituo linatajwa pamoja na adhabu yake. Asiyeridhika ana Baraza la Ushindani la kukatia rufaa. Nimewahi kutofautiana na maamuzi yale, na mengine niliyaona makali kupita kiasi, lakini sijawahi kujiuliza ni nani aliyeyatoa. Kwa nini redio ya wilayani ipewe heshima hiyo, na tovuti inayosomwa na mamilioni ifungwe bila hata kuandikiwa barua?

Orodha za siri zina tabia moja, nami niliijua tangu ile ya kafe yangu: hukusanya makosa, na makosa hayatoki, kwa sababu hakuna anayeyaona. Australia walikuwa na orodha yao ya mitandao iliyokatazwa, wakataka kuilazimisha kwa kampuni zote za intaneti. Machi 2009 ikavuja. Ndani yake, pamoja na machafu yenyewe, watu walikuta tovuti ya daktari wa meno wa Queensland na ya mahali pa kulelea mbwa. Daktari yule hakuwahi kuarifiwa kwamba Serikali yake imemweka kundi moja na wanaodhalilisha watoto. Mpango wa kuchuja nchi nzima ulisuasua, na Novemba 2012 Waziri aliyeupigania akautupa mwenyewe. Huko walikuwa na fedha na wataalamu wengi kuliko sisi.

Na hapa jirani, Uganda, walitunga Sheria dhidi ya Ponografia mwaka 2014. Wakaunda kamati ya kudhibiti ponografia. Mwaka 2018 kampuni za intaneti zikaamriwa kufunga mitandao 27. Lakini kabla ya mtandao hata mmoja kufungwa, sheria ile ilikuwa imeshawafikia wanawake barabarani, kwa kuwa tafsiri yake ya ponografia ilikuwa pana mno. Mara tu baada ya kusainiwa, wanawake waliovaa sketi fupi walivamiwa na kuvuliwa nguo hadharani na makundi ya wanaume waliojiona wanatekeleza sheria. Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ikabatilisha vifungu vyake vya msingi. Miaka saba. Nilikuwa nikizifuata habari zile nikiwa na mtoto mgongoni, na tangu hapo kila ninaposoma neno maadili ndani ya kanuni huwa natafuta kwanza kama kuna mtu aliyelieleza maana yake.

Najua mtakavyonijibu. Mtasema kuchapisha orodha ya mitandao ya ngono ni kuwapa vijana ramani. Nimelifikiria hilo kwa muda mrefu. Mitandao mikubwa ya watu wazima kila kijana anaijua kwa majina. Aliyetaka hasubiri tangazo lenu. Lakini ile yenye picha za watoto wanaodhalilishwa ni jambo tofauti kabisa, na hapo nakubali majina yasitajwe hata moja. Ifungwe usiku huo huo, wahusika wasakwe kwa kifungu cha 13 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na orodha ikaguliwe kila baada ya muda na watu wasio wa Mamlaka, jaji mstaafu, daktari wa watoto, mtaalamu wa kompyuta, ambao watatuambia tu idadi na makosa waliyoyakuta. Kwa yanayobaki, yaani kila kitu kingine mnachokifunga kwa jina la maadili, bandikeni karatasi. Mafundi wa intaneti duniani walishatenga hata namba ya kazi hiyo, 451, ambayo tovuti huitoa pale ukurasa unapokuwa umezuiwa kwa amri ya kisheria. Wanaofunga kwa uwazi wanaweza kuitumia.

Na maneno ya afya muyape hadhari ya pekee. Binti yangu ana miaka tisa, ameingia kwenye umri wa kuchanjwa dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi. Nilipotaka kuelewa chanjo ile nilikutana na neno ngono katika kila maelezo yaliyoandikwa vizuri, kwa sababu kirusi chenyewe huambukizwa kwa ngono. Mchujo unaochuja maneno utamnyima mama elimu hiyo, halafu atabaki na sauti ya mtu asiyejulikana kwenye grupu inayomwambia chanjo inafunga kizazi.

Kwa upande wa watoto wenyewe, kuna jambo mnaloweza kulifanya ambalo halihitaji ukuta wa taifa. Laini ya mwanangu imesajiliwa kwa kidole changu na namba yangu ya NIDA. Mmetufundisha wote kupiga *106# kuangalia laini zilizosajiliwa kwa majina yetu, na hata bibi yangu anajua. Tupeni namba fupi kama hiyo ya kuitambulisha laini fulani kuwa ni ya mtoto, ili kampuni ya simu iichuje hiyo laini tu, kwa idhini yangu, nami niweze kuifungua akishakua. Mtu mzima wa Kariakoo asifungiwe kwa ajili ya mwanangu, na mwanangu asiachwe wazi kwa ajili ya mtu mzima wa Kariakoo. Kampuni ziwekeeni sharti kwamba huduma hii haikatwi salio. Jambo hili halitamaliza tatizo, maana grupu la tuisheni litabaki palepale. Ila litanirudishia kile kiti changu cha mwisho wa njia.

Kuhusu lile grupu, dawa yake haiko kwenye mitambo yenu, na ningefurahi kama mngelisema hilo hadharani kwa sauti ile ile mnayotangazia kufunga. Iko kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la kituo cha polisi, lenye askari aliyefunzwa kumsikiliza binti ambaye video yake imevujishwa bila kuanza kwa kumuuliza kwa nini alijirekodi. Hofu ya swali hilo inawaziba mabinti midomo. Sheria ya mwaka 2015, kifungu cha 14, inamwadhibu anayechapisha. Askari na waendesha mashtaka wakumbushwe kwamba aliyevujishiwa hakuchapisha. Iko pia shuleni, kwa mwalimu anayeweza kutamka majina ya viungo vya mwili mbele ya darasa bila darasa zima kuangua kicheko, na kwetu sisi wazazi. Mimi nilikaa wiki mbili kabla sijaweza kumjibu mwanangu swali lake. Nilipomjibu, nilimwambia kwamba wale wanaume walijua wanafanya uovu, kwamba kumtazama yule dada ilikuwa ni kumuumiza mara nyingine, na kwamba yeye alifanya vyema kuja jikoni. Aliifuta ile video mwenyewe mbele yangu. Halafu akaniuliza kama kwenye simu za wenzake nayo itafutika.

Nimejaribu kuiandika ile karatasi, ili isionekane naomba jambo kubwa. Inaenea kwenye skrini ya simu ndogo kabisa:

“Mtandao huu umefungwa nchini Tanzania. Aliyeamuru: ... Tarehe: ... Kwa mujibu wa Kanuni ya: ... Sababu: ... Uamuzi huu utapitiwa upya tarehe: ... Ukiona tumekosea, tuandikie hapa: ... utajibiwa ndani ya siku: ... Ikiwa wewe ni mtoto na umeona kitu kilichokutisha, piga 116. Ni bure.”

Nafasi zilizo wazi nimewaachia ninyi mzijaze.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mama wa watoto wawili,
aliyekuwa dada wa kafe ya stendi.